Maswali ya Wasomaji: Je, Yesu Aliishi Kweli?

SWALI: Jumamosi jioni huwa tunabishana chini ya mwembe karibu na soko la Kibuye. Jamaa mmoja ametukaba koo: anadai Yesu hakuwahi kuishi, na kwamba nje ya Biblia hakuna hata mstari mmoja unaomtaja. Nianzie wapi kumjibu? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwanza kubalianeni mnabishania nini. Kwamba Yesu aliishi ni swali la historia. Kwamba alifufuka ni la imani. Mkiyachanganya, mtakesha hapo mwembeni.

Kisha usikimbilie waandishi wa Kirumi. Anza na Paulo, japo yumo ndani ya Biblia, kwa sababu hatuna mwandishi wa Kikristo wa mapema kuliko yeye. Barua zake ni za miaka ya 50, kama miaka 20 hivi baada ya msalaba. Katika Wagalatia 1:18-19 anasema alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Tazama anavyolitaja jambo hilo. Anajitetea kwamba injili hakufundishwa na hao wakubwa, hata anaapa kuwa hasemi uongo. Kwa hoja yake ingemfaa zaidi asiwe amekutana nao kabisa, lakini anakiri.

Umbali wa miaka hiyo upime kwa mfano wa hapa kwetu. Simeo Ondeto, kiongozi wa kanisa la Legio Maria, alifariki mwaka 1991. Miaka zaidi ya 30 imepita, na Nyanza bado wako wazee waliomwona kwa macho. Mtu akimzulia leo ndugu ambaye hakuwepo, atakanushwa kabla jua halijatua.

Jamaa yako huenda akasema "ndugu" hapo ni ndugu wa kiroho, kama walokole wanavyoitana. Muulize: mbona Kefa, naye muumini, hakuitwa hivyo katika mistari hiyo hiyo?

Sasa toka nje ya Biblia. Josephus, Myahudi aliyeandika *Mambo ya Kale ya Wayahudi* mnamo mwaka 93, anaeleza katika kitabu cha 20 jinsi kuhani mkuu Ananus alivyomuua Yakobo, "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo", mwaka 62, liwali mmoja akiwa amekufa na mwingine hajafika. Shika hapo. Kitabu cha 18 kina maneno marefu zaidi juu ya Yesu, na ndiko wengi huangukia: kinasema wazi kwamba "alikuwa Kristo", ilhali Origen, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, anasema Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Wataalamu wengi huona kuna kiini cha Josephus mwenyewe kilichoongezwa chumvi na wanakili Wakristo. Ukikisoma chote kama kilivyo, umempa mpinzani wako fimbo ya kukuchapia.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mnamo mwaka 116 anasema Kristo aliuawa na Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Ni ushahidi mzuri, ila wa baadaye, na huenda alisimuliwa na watu waliosikia kwa Wakristo. Mweke mwisho.

SWALI: Mbona hakuna karatasi ya serikali ya Pilato inayomtaja Yesu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Karatasi za jimbo lile la Uyahudi zimepotea. Pilato mwenyewe alitawala miaka 10, kuanzia 26 hadi 36, na hatuna hata ripoti yake moja. Tuna sarafu zake, maneno ya Josephus na ya Philo, Myahudi wa Aleksandria, na jiwe lenye jina lake lililopatikana Kaisaria mwaka 1961. Zile "barua za Pilato" zinazosambazwa kwenye simu ni za kutungwa, karne nyingi baadaye. Usiziguse.

SWALI: Na lile sanduku la mifupa lililoandikwa "Yakobo, mwana wa Yosefu, ndugu yake Yesu"? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Liache. Lilitangazwa mwaka 2002, na hakuna mwanaakiolojia aliyelichimbua, kwa hiyo hatujui lilitoka kaburi gani. Mwaka 2003 kamati ya Idara ya Mambo ya Kale ya Israeli ilisema maandishi ni ya kughushi. Mwaka 2012 mahakama ikamwachilia mwenye sanduku, aliyeshtakiwa kwa kughushi, lakini hakimu akaeleza kwamba hukumu hiyo haithibitishi maandishi kuwa ya kweli. Tena Yakobo, Yosefu na Yesu yalikuwa majina ya kawaida Yerusalemu. Kama umeshalitumia katika mjadala, lirudishe mwenyewe mbele ya wenzako kabla hawajakushika nalo.