Upasuaji wa umbo la pua: mkato wa wazi au wa ndani?

Aliyeuliza ana nundu kwenye daraja la pua na ncha iliyoshuka, na anaogopa njia ya wazi kwa sababu ya kovu. Kovu ndilo jambo dogo kuliko yote. Mkato wa njia hiyo hupita kwenye kiguzo kilicho kati ya matundu mawili, milimita chache tu, ukiwa na umbo la V iliyopinduliwa. Ukikatwa mstari mnyoofu, kovu likikaza huacha mbonyeo. Hushonwa kwa uzi mwembamba wa 6-0, na nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7.

Cha kutazama ni kazi inayofanywa chini ya ngozi. Nundu peke yake hupunguzwa vizuri kwa mikato ya ndani ya matundu, na uvimbe wa ncha huisha mapema zaidi. Ncha ni habari nyingine. Kwa njia ya ndani, gegedu zake (mifupa laini) huvutwa nje kupitia tundu, hivyo daktari huzipima zikiwa zimepindwa, na kulinganisha kulia na kushoto kunategemea uzoefu wake. Kwa njia ya wazi anaziona zilipo. Pua iliyopinda sana, au iliyokwisha kupasuliwa, mimi ningeipeleka huko bila kusita.

Gharama ya njia ya wazi: ncha hufa ganzi kwa wiki au miezi kadhaa, uvimbe hukawia (ngozi nene huweza kupita mwaka), na nguzo za asili za ncha hulegea. Daktari asipoweka kipande cha gegedu cha kuitegemeza, ncha hushuka tena. Mishipa ya damu ya kiguzo nayo hukatwa, ngozi ikabaki ikilishwa na ile ya pembeni. Ndiyo maana mvutaji sigara huambiwa aache angalau wiki 4 kabla. Ngozi ya ncha inaweza kufa.

Macho kuvilia damu hakutegemei sana mkato upi. Hutokana zaidi na kukatwa mifupa, nayo hukatwa katika njia zote mbili.

Muulize daktari mambo mawili. Nundu ikiwa kubwa, kuiondoa huacha paa la pua wazi: atazuiaje gegedu za katikati zisibonyee ndani? Jibu la kawaida ni vipande vyembamba vya gegedu pande zote mbili za ukuta wa kati, unaoigawa pua kwa ndani. Asipofanya hivyo, pumzi hubana na kivuli cha V iliyopinduliwa hujitokeza mgongoni mwa pua. Na akichukua gegedu kwenye ukuta huo, ataacha upana gani? Fremu ya umbo la L, yenye angalau sentimita 1 juu na mbele, ndiyo hushikilia pua isididimie.

Baada ya upasuaji, pua ikiziba pande zote mbili huku maumivu yakizidi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imekusanyika kwenye ukuta wa kati, na isipotolewa gegedu hufa.