Turbo ya Subaru STI: kuongeza presha pekee haitoshi
Hapana boss, umeuliza kama uweke valvu ya kuongeza presha ya turbo (ile feni inayosukumia injini hewa) kwa STI yako: usiiweke kabla programu ya injini haijapangwa upya. STI ya Japani ilipangiwa petroli ya okteni 100 (kipimo cha petroli kustahimili kujilipukia) ya huko kwao na ya pampu zetu haifiki hapo, sasa ukipandisha presha petroli inajilipukia yenyewe ndani na injini inaanza kugonga. Yangu iligonga hivyo nikadhani ni plagi, kufungua nikapata pistoni ya nne imevunjika pale kwa ringi. Na tena Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, turbo tayari inazunguka mbio kuliko Mombasa kuleta presha ileile, so usiikaze sana.