Wananizuilia mwanangu, nami nimeacha kutoa huduma

"Khalati, assalamu alaykum. Mimi ni fundi uashi, naishi Wete, Pemba. Mwaka jana niliachana na mke wangu, akarudi kwao Konde na binti yetu wa miaka sita. Kila nikienda kumwona naambiwa kalala, au kaenda chuoni kusoma Kurani. Idi iliyopita nilisimama ukumbini na nguo yake ya sikukuu mkononi, naambiwa kalala, na sauti yake naisikia chumbani. Tangu siku ile sijapeleka hata senti. Sasa mama yake ameposwa na mtu wa Unguja, watahamia huko. Ami yangu anasema nikamchukue mtoto, kwani mama akiolewa haki yake imekwisha. Na barazani wapo wanaosema mtoto alizaliwa miezi saba baada ya ndoa, nikampime DNA. Nifanye nini?"
Baba wa Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Hiyo sauti ya chumbani imeniuma sana. Waliokufanyia hivyo wamemkosea mtoto kuliko walivyokukosea wewe, na njia ya kuwazuia ipo, nitakueleza. Lakini kwanza rejesha huduma. Irejeshe wiki hii, usingoje kesi.

Huduma si kiingilio cha kumwona mtoto. Binti yako anakula kila siku, awe amekuona au hakukuona, na chakula chake, nguo zake na daftari za skuli viko juu yako wewe baba. Suratul Baqara, aya ya 233, imekataza mama kutiwa dhiki kwa ajili ya mwanawe, na baba vilevile kwa ajili ya mwanawe. Mtalaka wako na mama yake wamevunja upande mmoja wa aya hiyo, na wewe umevunja wa pili. Ukienda kwa kadhi hivi ulivyo, swali la kwanza utakaloulizwa ni lini mara ya mwisho ulitoa matunzo, na kila ulichonacho cha kulalamika kitapoteza nguvu hapo hapo. Tuma pesa kwa simu na ujumbe wake usiufute. Ukipeleka vitu, weka risiti, na upeleke mbele ya mtu mzima anayeaminika au sheha, yaani kiongozi wa mtaa.

Hilo la miezi saba nalisema mara moja, lisirudi tena. Muda mfupi kabisa wa mimba katika fiqhi yetu, yaani sheria ya dini, ni miezi sita. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa baada ya muda huo ni wa mume. Tena wewe ulipopongezwa ulipokea pongezi, ukamlea miaka yote hiyo. Katika madhehebu ya Shafi, mume anayetaka kumkana mtoto hukana pale pale anapojua, na aliyekwisha kumkubali mlango huo kwake umefungwa. Wanaokutuma ukapime wanakutaka umtuhumu mama wa mwanao uzinifu mbele za watu, na umwache binti bila nasaba wala mirathi. Baraza kama hilo hama, mwanangu, kakae kwengine.

Ami yako namheshimu, ila amekwambia nusu. Kweli, kwa Shafi mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, hadhana, yaani haki ya kumlea, humtoka. Lakini haiji kwako moja kwa moja: baada ya mama anayefuata ni mama yake mama, yaani yule yule bibi wa Konde. Hoja yako yenye uzito ni nyengine, ni huko kuhama. Mzazi mmoja akihama mji kwenda kukaa kwengine, baba ana haki ya kudai mtoto abaki naye. Na binti yako anakaribia umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba, ambapo mtoto huulizwa anataka kukaa na nani. Akimchagua mama yake, usinune. Huduma itabaki juu yako na kumtembelea kutabaki haki yako.

Yote hayo huamuliwa na kadhi. Hayaamuliwi na ami wala na watu wawili wa nguvu ndani ya gari. Nakuomba sana usithubutu kumbeba mtoto kutoka skuli au chuoni. Atakuogopa, na kesi itakugeukia. Na kama umesoma kwenye simu habari za Sheria ya Ndoa ya 1971, hiyo ni ya Bara, haitumiki kwetu Zanzibar. Hapa sisi Waislamu tuna Mahakama ya Kadhi chini ya sheria Na. 9 ya 2017, na ipo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie matakwa ya wazazi wote wawili.

Anza kwa sheha wa kwao na watu wazima wa pande mbili, nao wasikie kwamba umezuiliwa. Ikishindikana, fungua shauri kwa kadhi kabla harusi haijafika, kwani mtoto akishavuka bahari mambo yatakuwa mazito kwako. Chukua cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, hati ya talaka na jumbe za pesa. Kama huwezi kuandika maombi, nenda Chake Chake, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi hapo, au muulize sheha wasaidizi wa sheria wa karibu nawe.

Na usiombe "haki ya kumwona mtoto" basi, maana ukipewa maneno matupu kama hayo utaambiwa tena kalala. Taja siku na saa: Jumamosi asubuhi umchukue, Jumapili jioni umrudishe, nusu ya likizo ya skuli, Idi moja kwako, moja kwa mama yake, na kama atakwenda Unguja, simu siku maalumu na nani alipe nauli ya boti. Hayo yaandikwe kwenye amri ya mahakama, upewe nakala. Atakayekuzuia tena ukumbini atakuwa anaizuia amri hiyo, nawe utarudi kwa kadhi ukiwa nayo mkononi.