Ukisubiri Januari Umeshachelewa

Bodi ya wilaya yetu ya shule ilikutana Jumatatu iliyopita. Ilipofika saa tatu na robo usiku ikapitisha orodha ya mambo itakayolidai Bunge la Texas litakapokaa Januari 2027. Jambo la nne linaomba mgao wa watoto wanaojifunza Kiingereza uongezwe. Sentensi hiyo niliiandika mimi, mezani jikoni kwangu, nimetoka zamu ya usiku hata viatu sijavua. Wamebadilisha maneno mawili tu. Wajumbe wote saba waliponyoosha mikono nikashika begi langu nikatoka nje haraka, maana machozi yalikuwa yananilenga, na sikutaka kulia mbele ya watu waliokuwepo siku nilipokwama.

Kesho yake nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Fort Worth. Anasema: "Dada, shikamoo. Shule ya mwanangu imepunguza walimu. Nasikia kuna wazazi wanakwenda Austin kuwaambia wabunge. Mimi si raia, na Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Mtu kama mimi naweza kwenda?"

Marahaba, mdogo wangu. Unaweza. Nakujibu kirefu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaojiuliza hivyo, na kwa sababu jibu hili mimi limenigharimu miaka mitatu.

Mwaka 2023 nilikuwa najua kitu kimoja tu: shule ilikuwa imemwondoa mwalimu msaidizi wa watoto wanaojifunza Kiingereza, na mwanangu wa pili alikuwa anarudi nyumbani kimya, anakula, analala. Nilipokwenda kwa mwalimu mkuu akaniambia fedha hazitoki kwake, zinatoka Austin, makao makuu ya jimbo. Nikaanza kuuliza. Ndipo nikaambiwa habari ya mgao wa msingi, ile fedha ambayo jimbo linaihesabu kwa kila mwanafunzi kabla ya nyongeza nyingine yoyote. Ulikuwa dola 6,160, na ulikuwa haujaguswa tangu 2019. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 10, kodi za nyumba tusiseme, na mgao uko palepale. Wakati huohuo jimbo lilikuwa na ziada ya zaidi ya dola bilioni 32 katika hazina yake. Kila mtu alisema mwaka huu lazima fedha zitatoka.

Wilaya ikapanga basi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya I-35, wazazi, walimu wastaafu, na wajumbe wawili wa bodi. Nilikuwa nimevaa gauni nililoshonewa Tanga kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na nilikuwa na kurasa tatu nilizoziandika kwa wiki mbili. Pale Capitol, jengo la Bunge, unajiandikisha kwenye mashine, unachagua kama unaunga mkono muswada, unaupinga, au unauzungumzia tu. Kisha unasubiri. Tulisubiri saa nyingi.

Ukiitwa unapewa dakika mbili. Mimi nikaanza kama tulivyofundwa kwetu: nikasalimia, nikamshukuru mwenyekiti, nikawashukuru wajumbe, nikaeleza nimetoka Tanga na nimefikaje Texas, nikaeleza kwamba marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alifundisha watoto tisini katika chumba kimoja. Nilipofika kwa baba, kengele ikalia. Mwenyekiti akasema asante. Nilisafiri saa zaidi ya tatu, nikapoteza mshahara wa siku, na nikainuka kwenye kile kiti sijaomba kitu.

Wakati wa kushuka, kwenye lifti, mama mmoja wa msafara wetu akamwambia mwenzake kwamba safari nyingine walete mtu ambaye Kiingereza chake kinaeleweka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mpaka leo tunakutana kwenye mikutano, tunasalimiana vizuri, na kila nikimwona naisikia ile sentensi. Sijaisamehe bado, nasema kweli.

Na fedha hazikuja. Muswada uliokuwa na nyongeza, HB 100, ulikufa mwishoni mwa Mei baada ya Seneti ya jimbo kuutwisha suala la vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto shule binafsi. Gavana Greg Abbott akaita vikao maalumu vinne mwaka ule. Novemba Baraza la Wawakilishi la Texas likazikataa vocha kwa kura 84 dhidi ya 63, na nyongeza ya shule iliyokuwa imefungwa humohumo ikaanguka pamoja nazo. Watoto wetu waliingia Januari na 6,160 ileile.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa ya kazi na kulala. Lakini kuna jambo moja nililielewa katika miezi ile, na ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye mlango wa kila nyumba ya Mswahili hapa Texas. Bunge la jimbo hili hukaa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari ya mwaka wa witiri. Siku hizo zikifika, orodha ya wilaya imeshaandikwa. Imeandikwa miezi kadhaa nyuma, kwenye chumba chenye viti mia na watu kumi na wawili, Jumatatu usiku, wakati sisi tuko kazini au kwenye simu. Bodi inapitisha mambo yake, inayapeleka kwenye chama cha bodi za shule za Texas, TASB, ambacho nacho hupitisha ajenda yake kwa kura za wajumbe kutoka wilaya, halafu mkuu wa wilaya ya shule, yule wanayemwita superintendent, na watu wake wanaibeba ajenda Austin. Ukienda Austin na jambo ambalo halimo kwenye orodha, utasikilizwa kwa adabu na itaishia hapo. Kwa hiyo nenda mapema. Nenda kwenye bodi mwaka ambao hakuna Bunge.

Jambo jingine: wilaya yenyewe imefungwa mikono kuliko tunavyodhani. Sheria inaikataza kutumia fedha au vifaa vya umma kumpigia mgombea kampeni. Mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, alizishtaki wilaya kadhaa akidai zimevuka mpaka huo. Mwaka 2025 Seneti ikapitisha muswada wa kuzizuia wilaya na serikali za mitaa kutumia fedha za umma kulipa washawishi, yaani watu wa kwenda kuwashawishi wabunge, ingawa haukutoka Baraza la Wawakilishi. Sasa fikiria wewe ni mkuu wa wilaya, una watoto elfu ishirini na wanasheria wawili. Utasema kila neno kwa kupima. Mzazi hapimiwi hivyo. Mama mwenye watoto shuleni anaweza kumtazama mbunge usoni akamwambia shule ya mwanangu haina mwalimu. Mlango ule wilaya inaugonga kwa kidole, sisi tuna kiganja kizima.

Sasa niseme la kutuhusu sisi wenyewe, na naomba msinikasirikie.

Kila mtoto anapoandikishwa shule kwa mara ya kwanza hapa, mzazi anapewa fomu inayouliza lugha gani inazungumzwa nyumbani. Mimi niliandika Kiingereza. Niliona haya. Niliogopa mwanangu atatengwa na wenzake, nikaandika uongo kwa kalamu nyeusi na nikasaini. Baadaye niliuliza akina mama kumi na mmoja kanisani na msikitini (mimi Mwislamu, lakini rafiki zangu wa Kikongo wengi ni wa kanisani), na saba walikuwa wameandika hivyohivyo. Fomu ile ndiyo inayomfanya mtoto apimwe, na kipimo ndicho kinachomwingiza darasani kwa mwalimu anayefaa. Akishaingia, wilaya inapewa juu yake asilimia 10 ya mgao wa msingi. Kwa hesabu ya wakati ule hiyo ni dola 616 kwa mtoto kwa mwaka. Tena sheria ya Texas inasema wilaya ikiwa na watoto 20 wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa ambao bado hawajakimudu Kiingereza, inatakiwa kuwapa masomo ya lugha mbili. Tunalalamika Kiswahili hakihesabiwi. Kitahesabiwaje na sisi tumekificha kwenye fomu?

Mwalimu msaidizi yule aliyeondolewa, aliyekuwa anamsaidia mwanangu, sehemu ya mshahara wake niliifuta mimi kwa kalamu. Nilipolielewa hilo sikulala.

Na mahudhurio ni yaleyale. Texas inalipa kwa wastani wa watoto waliohudhuria, haijali wangapi wameandikishwa. Gawa 6,160 kwa siku za masomo, unapata kama dola 35 kwa siku. Ukimtoa mtoto wiki mbili kabla ya likizo ili tiketi ya Dar iwe nafuu, umeondoka na dola 350 za shule. Nimefanya hivyo mara mbili. Sitafanya tena.

Mwaka 2025 nilirudi Austin, mwanzoni mwa Machi, kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi ilipokuwa inasikiliza maoni juu ya HB 2, muswada wa fedha za shule. Safari hii sikupanda basi la wilaya, nilikwenda na gari langu na jirani yangu Mkongo. Nilikuwa na karatasi moja, na kwenye karatasi kulikuwa na namba moja na ombi moja. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni huku binti yangu ameshika saa ya simu. Nilisema nina watoto watatu katika shule za umma. Nilisema mtoto anayejifunza Kiingereza anaongezewa dola 616 kwa mwaka mzima, na kiasi hicho kimefungwa kwenye mgao wa msingi, kwa hiyo mgao ukikaa miaka sita bila kupanda, na yeye anakaa hivyo. Nikaomba mgao upandishwe. Nilimaliza kengele haijalia.

Mjumbe mmoja akawasha kipaza sauti akaniuliza watoto wanaozungumza Kiswahili katika wilaya yetu ni wangapi. Nikamtajia. Nilikuwa nayo idadi kwa sababu nilikuwa nimeiomba wilaya kwa barua, chini ya sheria ya taarifa za umma, na wakanipa. Akaandika. Nilimwona akiandika, kwa macho yangu haya. Lafudhi yangu ilikuwa ileile ya kwenye lifti.

Matokeo mnayajua. Toleo la Baraza la Wawakilishi lilifikia nyongeza ya dola 395 kwenye mgao wa msingi. Lilipomalizana na Seneti ikabaki dola 55. Siyo kwamba fedha hazikutoka: sheria nzima ilibeba kama dola bilioni 8.5, sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye mishahara ya walimu, na walimu wa wanangu wameipata, nashukuru. Lakini hesabu ya haraka ya shule yenye watoto 500 ni hii: 55 mara 500 ni dola 27,500, haifiki mshahara wa mwalimu mmoja. Mwaka huohuo Bunge likatenga dola bilioni moja kwa ajili ya vocha, na gavana akatia saini. Mimi sina ugomvi na mzazi anayempeleka mwanawe shule binafsi. Nina ugomvi na sisi tuliobaki kwenye shule za umma tukanyamaza.

Maana tunajua kujipanga, jamani. Mtu akifiwa hapa Dallas, ndani ya usiku mmoja kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina yupo, michango inasomwa kwa majina, na mwili unasafirishwa hadi Bukavu au Moshi. Kamati ya harusi inakaa miezi sita na hakuna anayekosa kikao. Kisha bodi inayoamua kama mwanao atakuwa na mwalimu inakutana maili mbili kutoka kwako, bure, kuna na maegesho, na Mswahili ni mmoja. Msimu uliopita wote huyo mmoja alikuwa mimi. Ningetamani sana nisiwe peke yangu mwaka 2027. Chukueni utaratibu uleule wa msiba, mweka hazina na yote, mtu mmoja apewe kazi ya kusoma ajenda kila mwezi. Nendeni mapema.

Dada wa Fort Worth, kuhusu uraia: kura ni ya raia, lakini kutoa maoni mbele ya bodi au kamati hakuhitaji uraia. Usijiite raia wala mpiga kura kama si raia, hata kwa bahati mbaya. Sema wewe ni mzazi na mkazi, inatosha. Kama una wasiwasi wowote na hati zako, zungumza na wakili kwanza, usichukue ushauri wa kundi la WhatsApp, wala wangu.

Kuhusu Kiingereza, hili sikulijua mwaka 2023 na lingeniokoa. Tangu 2019 sheria ya Texas inazitaka bodi zimpe mwananchi nafasi ya kuzungumza juu ya jambo lililo kwenye ajenda. Sheria hiyohiyo inasema, kama bodi inaweka kikomo cha muda na hakuna vifaa vya kutafsiri papo hapo, anayezungumza kupitia mkalimani apewe muda maradufu. Wenzio wakipewa dakika tatu, wewe unapewa sita. Tafuta ajenda ya wilaya yako kwenye tovuti yao, huwekwa siku chache kabla ya mkutano, kisha nitumie tarehe. Nina mapumziko Jumatatu na Jumanne. Wewe sema Kiswahili chako chote, mimi nitakaa pembeni yako nitafsiri.