Nimeshatubu, mbona bado najiona mchafu?
Ndugu, umeuliza kama Mungu amekusamehe kweli, maana dhambi uliyoitubu zamani bado inakukosesha usingizi. Soma Luka 15 polepole. Mwana mpotevu, aliyetapanya mali ya baba yake, alirudi na hotuba yake tayari, aombe kazi ya kibarua. Baba hakumwacha hata afike hapo; alishamkumbatia, anaagiza vazi, pete na viatu. Pete! Mtumwa hapewi pete. Msamaha wa Mungu unakurudishia uwana, na bila huo imani yetu ingebaki orodha ya amri tu.

Mfalme Daudi naye alipokiri dhambi yake, nabii Nathani alimjibu papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. (Matokeo ya dhambi hiyo yalibaki, sikufichi. Uliyemkosea mwendee.) Usiku huu, badala ya kutubu lilelile tena, jaribu kushukuru kwa Zaburi 103.