Amra bint Abdulrahman wa Madina

Umeuliza kama wanawake wa karne ya kwanza ya Hijria walipokea hadithi za mambo ya nyumbani tu. La hasha. Amra bint Abdulrahman, mmoja wa tabiina (kizazi kilichofuata Maswahaba wa Mtume), aliyelelewa na Bi Aisha mke wa Mtume, alikuwa mwanachuoni kamili, na Khalifa Umar bin Abdulaziz aliamuru hadithi zake ziandikwe kwa kuchelea elimu isipotee. Imamu Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kwamba Abu Bakr bin Hazm, kadhi wa Madina, alimfunga mtu aliyeiba pete za chuma ili amkate mkono. Amra akamtuma mtumishi wake, aitwaye Umayya, akamkuta Abu Bakr yu mbele za watu, akamwambia kuwa Amra asema mkono haukatwi ila kwa wizi wa kitu chenye thamani ya robo dinari (sarafu ya dhahabu) au zaidi. Abu Bakr akamwachilia mtu yule.