Birika la ubatizo: ni la jiwe au la mawe?

"Mwalimu, shikamoo. Naishi Uingereza. Mwezi uliopita nilimpeleka mama kuliona kanisa la kijiji cha Bridekirk, huko Cumbria. Ndani mna chombo cha kubatizia kilichochongwa karne ya 12. Nilipomwambia, 'Mama, hili ndilo birika la ubatizo,' akaniuliza, 'Birika? La chai?' Je, afadhali niseme kisima? Na ni la jiwe au la mawe?"

Marahaba. Mama ana haki ya kuuliza, nawe hukukosea. Ndani ya birika yamekutana maneno mawili ya Kiarabu. Moja ni ibriq, chombo cha kumiminia maji, na hilo ndilo lililotupa birika la jikoni. La pili ni birka, yaani bwawa au tangi la maji. Mtu wa pwani aliyezoea kutawadha kwenye birika la msikitini hawezi kushangaa. Hata msomaji wa Biblia analijua: kipofu anatumwa akanawe katika birika ya Siloamu, na katika Kutoka 30 Musa anaagizwa afanye birika la shaba pamoja na tako lake. Hilo neno tako lishike vizuri, utalihitaji utakapoeleza sehemu ya chini inayobeba chombo chako.

Kisima cha ubatizo ndivyo wasemavyo Wakatoliki wengi, nami silikatai, kwa kuwa jina la Kilatini la chombo hiki, fons, maana yake ni chemchemi. Lakini kisima huchimbwa ardhini na maji yake huchipuka humo humo. Chombo cha Bridekirk kimesimama juu ya sakafu, waweza kukizunguka pande zote nne, na maji hayana budi kutiwa. Kutia maji yakakaa ndiyo kazi ya birika. Tena zamani hizo yalikaa kweli: maji yaliyobarikiwa yaliachwa humo siku nyingi, hata mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaagiza mabirika yawe na vifuniko na kufuli, watu wasije wakayachota kwa ajili ya uchawi.

Beseni sikushauri. Beseni hubebwa kwapani.

Angalia pia kitenzi. Watoto wa Uingereza ya Zama za Kati walizamishwa majini, na ndiyo sababu mabirika ya wakati ule yana matumbo mapana yanayomtosha mtoto mchanga. Ukiandika "walinyunyiziwa", msomaji atajiuliza upana wote ule ulikuwa wa nini.

Sasa jiwe na mawe. Hapa ndipo waandishi wengi wanaposahau, na mimi huumia ninapoona "birika la mawe" katika maelezo ya kitu kama hiki. Nyumba ya mawe ni mawe mengi yaliyopangwa na kushikwa kwa chokaa. Birika la msikitini likijengwa hivyo, liite la mawe bila wasiwasi. La Bridekirk halikujengwa. Fundi alilichonga tumbo lake katika jiwe, akalikomba ndani, akalipamba nje. Kwa hiyo ni birika la jiwe, na yakiwa mengi, mabirika ya jiwe.

Fundi mwenyewe yumo. Upande mmoja pamechongwa utepe wenye maandishi ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini, ila lugha yake ni Kiingereza cha wakati ule. Chini ya utepe kuna mtu mdogo ameshika nyundo na patasi, anafanya kazi. Maandishi yanaanza hivi: Rikard ndiye aliyenitengeneza. Linalosema ni birika, kwa nafsi ya kwanza, nawe katika tafsiri usiigeuze ikawa "lilitengenezwa na Rikard", maana utakuwa umelinyang'anya jiwe sauti yake. Mimi ningethubutu hata kuandika "aliyenichonga", kwa sababu patasi iko pale pale chini ya maneno.

Mama ukimpeleka tena, mwambie: "Hili ni birika la ubatizo, la jiwe, lililochongwa na Rikard." Ukilitaja kwa ukamilifu mara ya kwanza, baadaye birika peke yake latosha, na chai haitamjia akilini.